Utunzaji wa Tangi la Choo

Jambo tutakalolieleza hapa ni jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja mbele ya wageni, na kwa sababu hiyo huachwa mpaka lijitaje lenyewe kwa harufu. Ni tangi la choo, yaani lile sanduku la matofali na saruji lililofukiwa nyuma ya nyumba, ambalo hupokea maji yatokayo chooni na bafuni. Watu wengi wa pwani huliita karo. Twataka kueleza kwanza jinsi lifanyavyo kazi, maana asiyejua kazi ya chombo hawezi kukitunza. Na twasema hasa na watu wa Mdandu, katika wilaya ya Wanging'ombe, mkoa wa Njombe, na majirani zao wa njia ya Njombe na Makambako.

Choo cha shimo ndicho kilichowalea wengi wetu, wala si choo cha kudharauliwa kikiwa kimechimbwa vema na kufunikwa. Wazee hukumbuka mwaka 1973, wakati redio ya Tanzania ilipotangaza masomo ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza, wakasomewa vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachukua majembe wakaenda kuchimba vyoo. Baadaye yakaja maji ya mserereko. Mito ya milimani ilitegwa, maji yakateremshwa kwa mabomba mpaka vijiji vya tambarare ya Wanging'ombe bila ya mashine ya kuyasukuma. Na maji yana tabia yake: yakisha kufika uwanjani hutaka kuingia nyumbani, na yakisha kuingia nyumbani, choo cha kumwaga maji hufuata, na tangi nalo hufuata.

Hapo ndipo kosa huanza. Mwenye nyumba amebadili choo, lakini hakubadili mawazo yake juu ya choo. Alizoea kwamba shimo huachwa mpaka lijae, kisha huchimbwa jingine. Basi na tangi huliacha vivyo hivyo, miaka 10, miaka 15, akijisifu kwamba fundi wake alikuwa hodari kwa kuwa tangi halijajaa hata leo. Hajui kwamba tangi la choo hujaa maji tangu mwezi wa kwanza, na tangu siku hiyo hukaa limejaa daima. Kujaa kwake si dalili ya ubovu, wala kutofurika kwake si dalili ya uzima. Lile linaloharibika huharibika kimya, mahali pasipoonekana.

Tufunue mfuniko kwa mawazo tu, tutazame ndani. Maji machafu huingia upande mmoja kwa bomba, nayo yakikuta maji yaliyotulia hupunguza mwendo. Vitu vizito huzama chini vikawa tope. Mafuta, sabuni na vitu vyepesi huelea juu vikafanya utando mgumu kama ukoko wa uji uliopoa. Katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu, na hayo ndiyo yanayotoka upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambako hunywewa na udongo. Tangi jema lina vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili, ili tope lililoponyoka katika cha kwanza likamatwe katika cha pili. Bomba la kuingilia huwekwa juu kidogo kuliko la kutokea, na midomo ya mabomba yote mawili hufungwa kiungo cha umbo la herufi T, ambacho mguu wake hushuka chini ya utando. Kiungo hicho ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini kikivunjika au fundi akikisahau, utando wenyewe hutoka moja kwa moja ukaenda kuziba shimo la kunyonya.

Ndani ya lile tope wamo bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi mahali pasipo hewa. Hao hulila tope, nalo hupungua na kutoa gesi. Haya si mambo mapya. Mfaransa aliyeitwa Mouras alijenga tangi la namna hii katika mji wa Vesoul zipata mwaka 1860, na lilipokuja kufunguliwa baada ya miaka mingi watu walistaajabu kukuta tope kidogo mno kuliko walivyotazamia. Kisha mnamo mwaka 1895 Mwingereza Donald Cameron alijenga tangi kubwa kwa ajili ya mji wa Exeter, akalipa jina la Kiingereza linalotumika hata leo. Lakini hadithi ya Mouras imewapotosha wengi. Wamesikia kwamba bakteria hula tope, wakadhani hulila lote. Hulila sehemu tu, na sehemu inayobaki hurundikana mwaka hata mwaka.

Hurundikana kiasi gani? Wahandisi hukadiria, katika nchi zenye joto, lita 25 kwa kila mtu kwa mwaka ikiwa tangi hupokea maji ya choo peke yake, na lita 40 ikiwa hupokea na maji ya kuoga na kufulia. Tuchukue nyumba ya watu 6, na tangi ambalo ndani yake lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1, na kina cha maji mita 1.5. Tangi hilo huchukua lita 3,000. Watu 6 mara lita 40 ni lita 240 kwa mwaka, yaani debe 12 za lita 20. Theluthi ya tangi ni debe 50. Basi katika miaka 4 hivi theluthi ya tangi imekuwa tope, na nafasi ya maji kutulia imepungua kwa kadiri hiyo hiyo. Maji yasipopata nafasi ya kutulia hutoka na uchafu wake.

Na Mdandu si Dar es Salaam. Bakteria wa tangi hupenda joto. Katika baridi kazi yao hupungua, na ikizidi hukaribia kusimama. Baridi ya Njombe ya mwezi wa Juni na Julai yajulikana na kila aliyelala huko bila blanketi la pili. Kwa hiyo mtu wa nchi hii asichukue hesabu ya pwani akaifanya yake. Tope lake huweza kujaa mapema zaidi. Njia ya hakika ni kupima.

Kupima ni kazi ya mwanzi mmoja, na mianzi kwetu haikosekani, maana ndiyo itupayo ulanzi. Twaa mwanzi mkavu ulionyoka, mrefu kuliko kina cha tangi, uuzungushie kitambaa cheupe cha taulo kuukuu tangu ncha mpaka mita 1 hivi, ukikaze kwa uzi. Uteremshe polepole, wima, katika chumba cha kwanza mpaka uguse chini, uuache kwa dakika chache, kisha uuinue polepole. Palipokamata tope kitambaa kitakuwa cheusi, nawe utapima urefu wa weusi huo. Kwa utando, chukua fimbo nyingine iliyopigiliwa kibao kidogo nchani kama mguu. Ipenyeze chini ya utando, igeuze, uivute juu mpaka kibao kikwame, utie alama. Unene wa utando na wa tope ukijumlishwa ukafika sentimita 50 katika tangi la kina cha mita 1.5, wakati wa kuliondoa umekwisha fika. Kitambaa kichomwe au kifukiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama ilivaa mipira. Kipimo cha kwanza kifanywe mwaka wa 2 tangu tangi kuanza kazi, kisha kila mwaka wakati wa kiangazi.

Sasa twaja kwenye vitu vinavyotiwa chooni, na hapa orodha ya makosa ni ndefu kuliko subira ya msomaji, basi tutataja yale tunayoyaona sana. Magunzi ya mahindi na majani ya kujifutia yalifaa katika choo cha shimo. Katika tangi hayaozi upesi, nayo huziba bomba. Vitambaa vya hedhi na nepi za watoto za dukani haziozi kabisa. Mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga huganda kwa baridi ndani ya bomba kabla hata hayajafika tangini. Majivu na mchanga wa kusugulia sufuria huzama na kukaa pale milele. Na wakulima wa viazi tunawaomba neno moja: bomba la kupulizia dawa lisioshwe bafuni. Dawa iuayo ukungu na wadudu shambani huua na bakteria wa tangi, na masalio yake hushuka na maji ardhini. Dawa ya klorini ya kusafishia choo haidhuru ikitumika kwa kiasi cha kawaida. Chupa nzima kwa mara moja ndiyo huleta hasara.

Wako pia wanaolilisha tangi. Huyu hutia hamira, yule hutupa mzoga wa kuku, mwingine hununua unga wa pakiti ulioandikwa kwamba hula tope lote. Kinyesi chenyewe kina bakteria wa kutosha, wala hawahitaji kukaribishwa kwa kuku. Na hakuna unga unaomwondolea mtu haja ya kulitoa tope tangi likijaa. Fedha za unga huo zikiwekwa kibubuni kwa miaka 4, zitasaidia kulipa gari la kunyonya.

Maji ya mvua ya paa nayo yasielekezwe tangini. Mvua zetu huanza kunyesha karibu na Desemba na kuendelea mpaka Aprili, na mvua moja kubwa juu ya bati huweza kutoa maji mengi kuliko watumiayo watu wa nyumbani kwa siku nyingi. Maji hayo yakipita tangini kwa kasi hulikoroga tope na kulitoa nje lote pamoja.

Twafika sasa penye hatari iliyo kubwa kuliko zote, na twamwomba mwalimu anayesoma kijitabu hiki na wanafunzi wake apasome mara mbili. Gesi za tangini huua. Mojawapo hunuka kama yai bovu, lakini ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani harufu imekwisha. Nyingine huwaka moto. Kwa hiyo sigara, kibiriti na taa ya mafuta visikaribie tangi lililo wazi. Tena ndani yake hewa ya kuvuta huweza kuwa haimo kabisa. Mtu huteremka kuokota ndoo iliyoanguka, akalegea kabla ya kuita. Mwenzake aonapo hivyo huruka kumwokoa, naye akalala juu yake. Ndiyo sababu misiba ya namna hii mara nyingi huwa na majeneza mawili au matatu ya nyumba moja, na wa mwisho kufa huwa ni wale waliokuwa na huruma na ushujaa. Kanuni ni moja: hakuna mtu anayeingia tangini, awe fundi, awe kijana mwenye nguvu, hata tangi likionekana tupu. Ndoo ikianguka, imeanguka. Mtu akianguka, asifuatwe. Apigiwe kelele, atupiwe kamba, mifuniko yote ifunguliwe hewa ipite, na msaada uitwe wa watu wenye vifaa vya kupumulia.

Na mfuniko wenyewe uangaliwe. Uwe wa zege lenye nondo, uwe mzito kiasi kwamba mtoto hawezi kuuinua, wala usifunikwe kwa bati au mbao zinazooza. Mtoto anayecheza juu ya ubao uliooza hajui kilicho chini yake.

Kuondoa tope ni kazi ya gari la kunyonya, ambalo mtu wa kijijini huliagiza kutoka mjini. Majirani wakipatana kuliita siku moja, gharama ya safari hugawanyika. Wakati mzuri ni kiangazi: barabara ni kavu, na ardhi pia ni kavu, maana tangi likiachwa tupu katika ardhi iliyojaa maji, la plastiki huweza kuinuliwa likaelea na la matofali huweza kupasuka kuta. Kabla ya kulipa, muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Akijibu kwa kuzungukazunguka, yaelekea ni katika bonde la mtu mwingine. Bwana Afya wa kata ndiye wa kuulizwa mahali palipoidhinishwa.

Pengine gari haliwezi kufika. Hapo tope hutekwa kwa ndoo yenye mpini mrefu, mtu akiwa amesimama nje, amevaa mabuti na mipira ya mikono, akishirikiana na mwenzake. Zamani katika miji kazi ya kutoa uchafu wa vyoo ilikuwa ya topasi, na watu waliwacheka topasi bila kujua kwamba ndio waliowalinda na magonjwa. Tope lifukiwe katika handaki lililochimbwa mbali na kisima na mto, lifunikwe kwa udongo wa nusu mita au zaidi, na pasilimwe mboga juu yake kwa muda wa miaka 2, kwa kuwa mayai ya minyoo ya mchango huishi katika tope muda mrefu kupita mwaka, na katika nchi ya baridi hudumu zaidi.

Lakini iko njia nyingine ambayo watu huitumia, nayo ina jina lake: kutapisha. Mvua kubwa ikinyesha, mtu hutoboa ukuta wa tangi usiku, uchafu ukachukuliwa na mkondo, na asubuhi tangi ni jepesi. Mtu huyo amesafisha kwake kwa kuchafua kwa mwingine. Chini ya kilima kuna kisima, na kuna watu wanaoteka. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyo hiyo. Tena katika nchi hii ya wafugaji wa nguruwe kuna jambo la kuogopesha zaidi ambalo halisemwi vya kutosha. Uchafu wa mtu mwenye tegu ukifikiwa na nguruwe anayezurura, nguruwe huupata mdudu huyo, naye hukaa katika nyama kama punje nyeupe. Mtu akila nyama hiyo bila kuivisha, hupata tegu. Na mayai ya tegu yakiingia kinywani mwa mtu, kwa maji, kwa mboga au kwa mikono isiyooshwa, vifuko vyake huweza kukaa katika ubongo na kumletea kifafa. Watafiti wamemkuta tegu huyu katika nguruwe wa Nyanda za Juu za Kusini. Basi mtoto anayeanguka kifafa, ambaye jamaa zake huenda wakasema amerogwa, huenda ugonjwa wake ulianzia katika choo kilichotapishwa au kilichokosa mlango. Nguruwe wafungwe zizini, na uchafu ubaki chini ya mfuniko.

Kwa sababu maji yatokayo tangini bado ni machafu, hata yakionekana maangavu, shimo la kunyonya lahitaji kuangaliwa kama tangi lenyewe. Liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na liwe upande wa chini wa mteremko. Chini ya shimo, udongo mkavu wa mita 1.5 ubaki kabla ya kufikia maji ya ardhini, maana udongo huo ndio unaochuja. Udongo mwekundu mzito hunywa polepole. Anayejenga juu yake achimbe kwanza shimo dogo, alijaze maji, atazame hushuka kwa muda gani, kabla hajamwamini fundi asemaye kwamba mahali popote pafaa. Milingoti na misindano isipandwe karibu, kwa kuwa mizizi hufuata maji mpaka ndani ya bomba. Na ukiona mwezi wa Agosti, wakati nyasi zote zimekauka, kipande kimoja tu juu ya shimo kimestawi kijani kibichi na ardhi yake ni laini chini ya mguu, jua kwamba shimo limeshindwa kunywa. Kuchimba jingine bila kuondoa tope la tangi ni kupoteza saruji, kwani hilo la pili litazibwa na tope lile lile.

Bomba la hewa lifungwe wavu mdomoni, kwa kuwa mbu hupenda sana maji ya karo. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, punje nyepesi za plastiki zilimwagwa juu ya maji ya mashimo ya vyoo zikaelea na kuwazuia mbu kuzaliana, na pamoja na dawa walizopewa wenyeji, ugonjwa wa matende ukapungua sana. Kwetu milimani wavu watosha.

Tangi likisha kutolewa tope, lisisuguliwe wala lisioshwe kwa dawa. Masalio machache ukutani ni mbegu ya bakteria wapya. Litazamwe kwa tochi kutoka juu kama kuta zina nyufa na kama viungo vya T vipo mahali pake, kisha lijazwe maji safi mpaka usawa wa bomba la kutokea. Mfuniko ukisha kurudishwa na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi, tarehe ya siku hiyo iandikwe kwa rangi nyuma ya mlango wa choo, na chini yake kina cha tangi na mahali mifuniko ilipo, ili atakayeirithi nyumba asilazimike kuchimba uwanja mzima akilitafuta.